KURA YA CHAMA KIDOGO NA NAMNA INAVYOHESABIWA: MFANO WA TUNDUMA NA MKOA WA SONGWE

Kila unapokaribia uchaguzi mkuu, husikika katika mabaraza, masokoni na hata maofisini kauli kwamba mtu anayekipigia kura chama kidogo anaitupa kura yake. Wengine hujibu kuwa kura ni kura, na kila moja ina uzito sawa na nyingine. Kauli zote mbili zina ukweli, na zote mbili zina upungufu. Uzito wa kura hautegemei ukubwa wa chama peke yake, bali hutegemea pia kanuni inayotumika kuihesabu. Makala haya yanakusudia kueleza kanuni hizo, ili mtumishi na mkaazi wafahamu kura yao inakwenda wapi baada ya kutumbukizwa katika sanduku.

Mkaazi wa Unguja au wa Pemba humchagua Rais wa Jamhuri ya Muungano na Mbunge wa jimbo lake kwa kanuni ile ile anayoitumia mkaazi wa Tunduma, mkoani Songwe. Mkoa huo umechukuliwa kuwa mfano kwa sababu uko mahali ambapo nchi tatu zinakutana, na nchi hizo zimechukua njia tofauti katika jambo hili.

KONA YA NCHI TATU

Mkoa wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016 kwa kugawanywa Mkoa wa Mbeya. Makao makuu yake ni Vwawa, na wilaya zake ni Mbozi, Momba, Ileje na Songwe. Mji wa Tunduma uko mpakani mwa Zambia, ambako barabara kuu ya kwenda Lusaka na reli ya TAZARA huvuka mpaka. Upande wa pili uko mji wa Nakonde, na watu wa miji hiyo miwili hununua na kuuza kwa shilingi na kwa kwacha pasipo taabu. Upande wa Ileje, Mto Songwe ni mpaka na Malawi, na kutoka Isongole njia inakwenda Chitipa.

Mkaazi wa Tunduma mwenye ndugu Nakonde na rafiki Chitipa anao watu watatu wanaomchagua Rais. Kila mmoja huweka alama moja katika karatasi moja. Hata hivyo, alama ya Tunduma haifanyi kazi sawa na alama ya Nakonde au ya Chitipa.

KANUNI TATU ZA KUHESABU

Ili jambo hili lieleweke, na uchukuliwe mfano wa kufikirika. Katika uchaguzi mmoja zimepigwa kura halali 50,000. Chama cha kwanza kimepata kura 21,000, cha pili 19,000 na cha tatu, ambacho ni kidogo, kimepata 10,000.

Kanuni ya kwanza ni ya wingi wa kura. Anayempita kila mmoja wa wenzake ndiye mshindi, hata kama hakufikia nusu. Hapa chama cha kwanza kimeshinda kwa asilimia 42, na wapiga kura 29,000 waliotaka mwingine hawana cha kufanya hadi uchaguzi ujao.

Kanuni ya pili ni ya zaidi ya nusu. Mshindi ni lazima apate angalau kura 25,001. Kwa kuwa hayupo aliyefika hapo, wawili wa mwanzo hurudi kwa wananchi katika duru ya pili. Wale 10,000 wa chama kidogo sasa ndio wanaoamua, na wakubwa wote wawili hulazimika kwenda kuwaomba.

Kanuni ya tatu ni ya uwiano, nayo hutumika katika kuchagua Bunge. Viti hugawanywa kwa kadiri ya kura. Kama viti ni 10, vyama hivyo vitapata viti 4, 4 na 2. Afrika Kusini imetumia kanuni hii tangu mwaka 1994 katika Bunge lake lenye viti 400, na chama chenye chini ya asilimia moja kinaweza kupata kiti. Rwanda nayo huitumia kwa viti 53 vya Wabunge, ila chama kisichofika asilimia 5 hakipati kitu.

Kwa hiyo kura zile zile 10,000 hazina matokeo katika kanuni ya kwanza, huwa ndizo za maamuzi katika kanuni ya pili, na hupata wawakilishi wawili katika kanuni ya tatu. Anayesema kura ya chama kidogo imetupwa anazungumzia kanuni ya kwanza bila ya kuitaja.

UCHAGUZI WA RAIS: TANZANIA, ZAMBIA NA MALAWI

Tanzania ilirejea katika mfumo wa vyama vingi mwaka 1992, na uchaguzi mkuu wa kwanza wa mfumo huo ulifanyika mwaka 1995. Wakati huo Katiba ilimtaka mshindi wa urais wa Muungano apate zaidi ya nusu ya kura halali. Ndugu Benjamin Mkapa wa CCM alipata asilimia 61.8, Ndugu Augustine Mrema wa NCCR-Mageuzi 27.8, Profesa Ibrahim Lipumba wa CUF 6.4 na Ndugu John Cheyo wa UDP 4.0. Duru ya pili haikuhitajika. Mwaka 2000, kwa Marekebisho ya Kumi na Tatu ya Katiba, sharti la zaidi ya nusu liliondolewa. Tangu hapo anayepata kura nyingi kuliko mgombea mwingine yeyote ndiye hutangazwa Rais. Aidha, Ibara ya 41(7) ya Katiba hairuhusu mahakama yoyote kuchunguza uchaguzi wa Rais baada ya Tume kumtangaza mshindi.

Zambia iliwahi kupita njia hiyo hiyo. Katiba yake ya mwaka 1991 ilitaka zaidi ya nusu, na marekebisho ya mwaka 1996 yakaondoa sharti hilo. Matokeo yake yalionekana mwaka 2001, wagombea walipokuwa 11. Levy Mwanawasa alikuwa Rais kwa asilimia 29 hivi, huku Anderson Mazoka akimfuata kwa asilimia 27 hivi. Wapiga kura saba katika kila kumi walikuwa wamemtaka mtu mwingine. Mnamo Januari 2015 Edgar Lungu alishinda kwa asilimia 48.3 dhidi ya 46.7 za Hakainde Hichilema. Marekebisho ya Katiba ya Januari 2016 yalirudisha sharti la zaidi ya nusu. Mwezi Agosti mwaka huo Lungu alilivuka kwa shida, kwa asilimia 50.35, na mwaka 2021 Hichilema alimshinda kwa asilimia 59.

Malawi ilifika huko kwa njia ya mahakama. Mwezi Mei 2019 Peter Mutharika alitangazwa mshindi kwa asilimia 38.6, Lazarus Chakwera akiwa na 35.4 na Saulos Chilima 20.2. Tarehe 3 Februari 2020 Mahakama ya Katiba ilifuta uchaguzi huo kwa kasoro zake. Pamoja na hayo, ilitamka kuwa neno "wingi" katika sheria lina maana ya zaidi ya nusu. Uchaguzi uliporudiwa mwezi Juni 2020, Chakwera na Chilima waliungana, Chakwera akawa Rais na Chilima akawa Makamu wa Rais. Chama kilichokuwa cha tatu, chenye sehemu moja tu katika kila tano za kura, ndicho kilichoamua nani aongoze nchi. Mwezi Septemba 2025 Mutharika alirudi madarakani, safari hiyo akiwa na zaidi ya nusu ya kura.

Ifahamike basi kuwa majirani wawili wa Mkoa wa Songwe waliondoka katika kanuni ya wingi wa kura na kwenda katika kanuni ya zaidi ya nusu, ilhali Tanzania ilitoka katika kanuni ya zaidi ya nusu na kwenda katika ya wingi wa kura. Mgombea mdogo wa Nakonde au Chitipa anaweza kujadiliana na wakubwa baada ya duru ya kwanza. Mgombea mdogo wa Tunduma hana duru ya pili ya kuisubiri. Kama anataka kuungana na wenziwe, ni lazima aungane nao kabla ya siku ya kupiga kura.

Hivyo ndivyo vyama vinne, yaani CHADEMA, CUF, NCCR-Mageuzi na NLD, vilivyofanya mwaka 2015 chini ya jina la UKAWA. Vilisimamisha mgombea mmoja wa urais, Ndugu Edward Lowassa, kwa tiketi ya CHADEMA, na vilikubaliana kuachiana majimbo. Alipata asilimia 39.97 dhidi ya 58.46 za Dk. John Magufuli. Chama cha ACT-Wazalendo hakikuwamo katika umoja huo. Mgombea wake, Bibi Anna Mghwira, alikuwa wa tatu kwa chini ya asilimia moja.

UCHAGUZI WA WABUNGE NA HESABU YA MAJIMBO

Wabunge wa majimbo huchaguliwa pia kwa wingi wa kura, jimbo kwa jimbo. Hapa jambo la kuzingatia ni mahali wanapoishi wafuasi wa chama. Matokeo ya mwaka 1995, yaliyohusu majimbo 232, yanaonesha hivi:

CCM: asilimia 59.2 ya kura, viti 186
NCCR-Mageuzi: asilimia 21.8 ya kura, viti 16
CHADEMA: asilimia 6.2 ya kura, viti 3
CUF: asilimia 5.0 ya kura, viti 24
UDP: asilimia 3.3 ya kura, viti 3

CHADEMA kilikuwa na kura nyingi kuliko CUF, lakini CUF kilipata viti mara nane ya vile vya CHADEMA. Sababu ni kuwa kura za CUF zilikusanyika hasa Visiwani, na zaidi Pemba, wakati kura za CHADEMA zilitawanyika katika majimbo mengi ambako hazikutosha kushinda. NCCR-Mageuzi, kilichopigiwa kura na zaidi ya mtu mmoja katika kila watano, kilipata kiti kimoja katika kila majimbo kumi na manne na nusu. CCM nacho kilipata viti vinane katika kila kumi kwa kura sita katika kila kumi. Hakuna aliyeiba kitu katika hesabu hiyo. Ndivyo kanuni yenyewe inavyofanya kazi.

Wazee wa Visiwani wanalifahamu jambo hili kabla ya wengine. Katika uchaguzi wa Januari 1961 ASP kilipata viti 10, ZNP viti 9 na ZPPP viti 3. Kiti cha Chake Chake kilipatikana kwa tofauti ya kura moja. Wajumbe wawili wa ZPPP walikwenda upande wa ZNP na mmoja upande wa ASP, ikawa 11 kwa 11, na uchaguzi ukalazimika kurudiwa mwezi Juni. Uchaguzi huo wa pili uliandamana na machafuko yaliyoua watu 68. Mwezi Julai 1963 ASP kilipata zaidi ya asilimia 54 ya kura zote, lakini viti 13 tu kati ya 31. ZNP na ZPPP, vyenye viti 12 na 6, ndivyo vilivyounda Serikali. Miezi michache baadaye, Januari 1964, yalitokea Mapinduzi. Hesabu ya majimbo haikuwa sababu pekee, lakini ni vigumu kuieleza historia ya miaka hiyo bila ya kuitaja.

Katika Mkoa wa Songwe mabadiliko yamekwenda upesi. Mwaka 2010 jimbo la Mbozi Magharibi lilichukuliwa na Ndugu David Silinde wa CHADEMA. Mwaka 2015 yalikuwapo majimbo sita katika eneo ambalo sasa ni mkoa huo. CHADEMA kilichukua Tunduma, Momba na Mbozi, na CCM kikachukua Vwawa, Ileje na Songwe. Mwaka 2020 CCM kilichukua yote sita, na Ndugu Silinde, ambaye alikuwa amehamia CCM mwaka huo, alichaguliwa katika jimbo la Tunduma. Vyama vya upinzani viliyakataa matokeo ya mwaka 2020 nchini kote. Kwa hesabu ya majimbo peke yake, mtu angeweza kudhani kuwa katika Mkoa wa Songwe hapakubaki mtu hata mmoja asiyekuwa wa CCM.

KURA YA UBUNGE HUHESABIWA MARA MBILI

Hapa ndipo lilipo jambo ambalo wapiga kura wengi hawalifahamu. Karatasi ya ubunge huhesabiwa kwanza jimboni, kumpata Mbunge wa jimbo. Kisha kura zote halali za ubunge za nchi nzima hujumlishwa kwa kila chama, na jumla hiyo ndiyo hutumika kugawa Viti Maalum vya wanawake, ambao kwa mujibu wa Katiba hawatakiwi kupungua asilimia 30 ya Wabunge wote. Chama kinachopata angalau asilimia 5 ya kura hizo huingia katika mgao. Kilicho chini ya hapo hakipati.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Mwaka 1995 viti hivyo vilifuata idadi ya majimbo, ndiyo maana CUF kilipata 4 na NCCR-Mageuzi, chenye kura zaidi ya mara nne, kikapata 3. Baadaye Katiba ilirekebishwa ili kura ndizo zifuatwe.

Tofauti ilionekana wazi mwaka 2020. Kati ya majimbo 264, CHADEMA kilishinda moja tu, Nkasi Kaskazini, katika Mkoa wa Rukwa unaopakana na Songwe. ACT-Wazalendo kilishinda manne na CUF matatu. Lakini katika Viti Maalum CHADEMA kilipewa 19, na ACT-Wazalendo na CUF havikupata hata kimoja, kwa sababu havikufika asilimia 5 ya kura zote. Majina ya wale 19 yalileta mgogoro mkubwa ndani ya CHADEMA, lakini hesabu iliyoleta viti hivyo ilitokana na kura za watu walioshindwa majimboni, wakiwamo wa Tunduma, Momba na Mbozi.

Hivyo mpiga kura ambaye mgombea wake wa ubunge ameshindwa hajatoka mikono mitupu ikiwa chama chake kimevuka asilimia 5. Ikiwa hakikuvuka, kura hiyo ya ubunge imeishia jimboni. Kura ya urais haiingii katika mgao huo.

CHAMA KIWEPO KATIKA KARATASI

Kanuni zote zilizoelezwa hapo juu hazina maana ikiwa chama anachokitaka mpiga kura hakimo katika karatasi. Sheria ya Tanzania hairuhusu mgombea binafsi; ni lazima mtu adhaminiwe na chama. Mchungaji Christopher Mtikila alilipinga jambo hilo mahakamani tangu miaka ya 1990. Mahakama Kuu ilimpa ushindi, Mahakama ya Rufani ikabatilisha mwaka 2010, na mwezi Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha ikaamua kuwa katazo hilo linavunja haki. Kwa kuwa hakuna mgombea binafsi, chama kidogo mara nyingi ndio mlango pekee wa mtu asiyekubaliana na vyama vikubwa.

Katika uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025 mlango huo ulikuwa mwembamba. CHADEMA hakikushiriki baada ya kuzuiwa mwezi Aprili kwa kutotia saini kanuni za maadili ya uchaguzi, na mgombea urais wa Muungano wa ACT-Wazalendo aliondolewa katika orodha. Rais Samia Suluhu Hassan wa CCM alitangazwa mshindi kwa asilimia 97.66, na vyama vidogo vilivyobaki viligawana kilichosalia. Siku ile na siku zilizofuata zilikuwa na ghasia katika miji kadhaa ya Bara, na watu walipoteza maisha. Kanuni ya kuhesabu inaweza kugawa kura zilizopigwa, lakini haiwezi kuhesabu kura ambayo haikupata pa kupigwa.

MAMBO YA KUZINGATIA

Kwa manufaa ya watumishi na wakaazi, yafuatayo yafaa kukumbukwa:

1. Mpiga kura wa Tanzania Bara hupewa karatasi tatu: ya Rais, ya Mbunge na ya Diwani. Wa Zanzibar huchagua pia Rais wa Zanzibar na Mwakilishi. Kila karatasi husimama peke yake, na hakuna sheria inayomtaka mtu achague chama kimoja katika zote.

2. Katika urais, ubunge wa jimbo na udiwani, mwenye kura nyingi ndiye mshindi. Hakuna duru ya pili.

3. Kura ya ubunge huhesabiwa jimboni na tena kitaifa. Mwenye kupenda chama kidogo azingatie iwapo chama hicho kinakaribia asilimia 5, na iwapo nguvu yake iko katika jimbo lake au imetawanyika.

4. Kura ni siri. Mkuu wa kazi, jirani au kiongozi wa chama hana haki ya kumuuliza mtu alivyopiga kura.

5. Mtumishi wa umma ana haki kamili ya kupiga kura kwa chama chochote, kikubwa au kidogo. Asitumie saa za kazi, gari wala vifaa vya ofisi kwa kampeni ya chama chochote.

6. Karatasi yenye alama kwa wagombea wawili, au isiyo na alama, huharibika. Hiyo ndiyo kura isiyohesabiwa kabisa.

Mkaazi wa Tunduma, wa Wete au wa Mjini Magharibi aliyekwisha kuyafahamu haya anaweza kukipigia chama kikubwa kwa kuwa anakitaka, au chama kidogo kwa kuwa anakitaka, na kwa vyovyote atakuwa anajua uzito wa alama anayoiweka. Kuichagua kanuni ya kuhesabu ni kazi ya Katiba na ya wananchi wanaoiandika. Ilibadilishwa mwaka 2000, na yaliyotokea Zambia na Malawi yanaonesha kuwa kanuni ya namna hiyo inaweza kubadilishwa tena.